Uvimbe uko kwenye titi, kwa nini daktari anapapasa kwapa?

Mama mkubwa alipotoka Tukuyu kuja Mbeya mjini na uvimbe kwenye titi la kushoto, daktari aliupapasa muda mfupi tu. Kisha akaubeba mkono wake ili misuli ilegee, akaingiza vidole ndani kabisa ya kwapa na kutafuta taratibu, kama mtu anayetafuta punje ya maharage iliyozama mfukoni. Tulipotoka akaniuliza: "Mwanangu, ugonjwa uko huku, yeye anatafuta nini kule?"

Anatafuta tezi. Mwili hutoa majimaji yaitwayo limfu, na sehemu kubwa ya yale ya titi huelekea kwapani. Wanaolima vinyungu, zile bustani za mabondeni, kule Iringa na Njombe wameliona jambo hili mferejini: maji hupita, takataka hunasa penye majani. Kwapani kuna tezi 20 na zaidi zinazochuja hivyo. Ndizo hizo huvimba zikawa mtoki mchuma chai akichomwa na mwiba na kidole kikatunga usaha, kwa hiyo mtoki peke yake si ushahidi wa saratani.

Ila seli za saratani zikichomoka kwenye uvimbe, mara nyingi hunaswa na tezi ya kwanza njiani. Wapasuaji wenye vifaa huchoma rangi ya buluu kwenye titi, wakaifuata tezi inayoipokea kwanza, wakaitoa ipimwe. Ikiwa safi, nyingine huachwa. Pasipo na vifaa hivyo hutolewa tezi nyingi kwa pamoja, na baadhi ya wanawake hubaki na mkono unaovimba kwa miaka. Kwa mtu anayeishi kwa jembe, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Hesabu ya tezi zenye saratani ina uzito: 1 hadi 3, 4 hadi 9, au 10 na kuendelea. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya ugonjwa kurudi inavyopanda. Lakini kwetu mtu akisikia "imefika kwenye tezi" huanza kuaga, na hapo ndipo ninapoumia. Kwa takwimu za Marekani, saratani iliyobaki ndani ya titi huacha hai wanawake 99 hivi kati ya 100 baada ya miaka 5, ukiacha vifo vya sababu nyingine; iliyofika tezi za jirani, kama 87. Huko wengi hugunduliwa mapema na kupata dawa kamili, lakini hata hivyo 87 si hukumu ya kifo.

Zamani madaktari waliamini saratani lazima ipite kwenye tezi kabla ya kuenea, wakakata kila kitu. Utafiti wa mpasuaji Bernard Fisher, ulioanza 1971 Marekani, ulionyesha kwamba wanawake wasio na tezi zilizovimba, ambao tezi zao ziliachwa, waliishi sawa na waliotolewa mapema. Tezi ni shahidi: inaeleza kama saratani hii imeshajua kusafiri. Saratani nyingine hupita kwenye damu bila kugusa kwapa, ndiyo maana hata mwenye tezi safi huweza kupewa dawa, baada ya kuangalia ukubwa wa uvimbe na vipimo vya homoni na vya HER2, protini inayoweza kuchochea saratani ikue.

Karatasi ya majibu ya mama mkubwa iliandikwa 1/15. Daktari akamwonyesha kwa kalamu: tezi 15 zimetolewa, moja ina saratani.

"Na hizo 14?"

"Safi, mama."

Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akauliza dawa zinaanza lini.