Je, wajua kwa nini "ukweli usemwe" mara nyingi si ukweli?

Mtoto wa kakangu hapa Lamu aliniletea kazi ya shule, ameambiwa agawe sentensi, huku ukweli huku maoni. Nikampa zangu tatu za barazani tujaribu kwanza. Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno. Mji wa Kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001. Ukweli usemwe, Pwani nzima hakuna mji mzuri kushinda Lamu.

Ya pili na ya tatu akaweka kwa ukweli bila kufikiri, ya kwanza akaitupa kwa maoni, "manake ami hiyo ni uongo, ngome ilianzwa 1813 ikaisha 1821, Wareno washaondoka kitambo". Historia anaijua, swali kalikosa!

Hapo wengi tunateleza. Unaloulizwa si kweli au uongo, unaulizwa kama jambo lenyewe lina mahali pa kwenda kuangalia ukapata jibu. La Wareno laangaliwa na linaonekana si kweli, basi ni habari ya uongo, sio maoni. La uzuri hata uzunguke na punda Mkomani mpaka Langoni hutapata kipimo chake, ni maoni tu hata kama nakubaliana nayo (na nakubaliana sana).

Sasa kwa nini tunachanganya? Nahisi neno lenyewe "ukweli" latuponza, twaliita jambo la kuthibitika na papo hapo twaliita jambo tusilotaka kubishiwa. Lakini si sisi peke yetu. Marekani 2018 shirika la utafiti la Pew Research Center liliwapa watu wazima sentensi 5 za kuthibitika na 5 za maoni, asilimia 26 tu ndio waliopatia zote tano za kuthibitika, na ikaonekana mtu akiona sentensi inapendelea chama chake huwa mwepesi kuiita ukweli, hata ikiwa ni maoni matupu. Kama mtoto wetu na mji wake.

Habari nazo hazikuji zimepangwa, zinakuja zimechanganywa kwenye sentensi moja. Nikamwandikia ya mwisho: "Nauli ya boti imepanda kwa sababu ya tamaa ya wenye boti." Akaitazama weee, alafu akachukua peni akaikata katikati. "Huku naenda gatini kuuliza," akasema, "huku ni hasira za mtu."