Miti ya ghorofani na dhana nyingine zinazonichosha

Wateja wangu huja na picha ile ile ya jiji la kesho: minara myeupe, miti inaning'inia kwenye kila roshani, chini magari yanapita bila moshi. "Tunataka kama hii, ya kijani." Mimi ni msanifu wa mandhari, na sipendi kumvunja mtu moyo, lakini maelezo haya nimeyarudia hadi sauti imekauka. Safari hii nayaandika.

Dhana: jengo likijaa miti, tayari ni rafiki wa mazingira

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inapendeza macho na watu hawahoji kinachopendeza.

Tuanze na uzito. Mti wa maana unataka udongo wenye kina cha mita moja hivi. Tengeneza sanduku la mita moja na robo kila upande, lijaze udongo, limwagilie maji. Umeshabebesha ukingo wa roshani zaidi ya tani mbili na nusu, na mti wenyewe bado. Halafu upepo wa huko juu unausukuma mti ule kama tanga. Mhandisi hana ujanja, ataongeza zege na nondo kuanzia roshani hadi msingi. Mita moja ya ujazo ya zege ya kawaida humwaga takribani kilo 250 za hewa ukaa, nondo hazijahesabiwa. Mti uliokomaa hufyonza kilo 20 na ushei kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: kila mita ya ujazo iliyoongezwa ni deni la zaidi ya miaka kumi ya mti mkubwa, na mti wa kwenye sanduku haufikii ukubwa huo.

Hapo mteja ananitajia Bosco Verticale, minara miwili ya makazi ya Milan, Italia, yenye miti kwenye roshani. Sawa, minara ile iliyokamilika mwaka 2014 ina miti kama 800 na inastawi. Lakini miti ilikuzwa kwanza kitaluni, ikajaribiwa kwenye maabara ya upepo, ikafungwa kwa nyaya, na hadi leo wapogoaji hushuka kwa kamba kutoka paani kuihudumia. Nani atawalipa hao kwenye jengo lako? Nikiuliza hivyo, kikao kizima kinatazama meza. Kule Chengdu, China, yapo majengo ya mtindo huohuo ambayo mwaka 2020 picha zake zilizagaa: mimea imemeza roshani, mbu tele, wakazi wa kuhesabika.

Na kivuli? Mti wa ghorofa ya 20 unampa kivuli mwenye nyumba hiyo. Mti wa barabarani unafunika lami, kituo cha basi na yeyote anayepita, na majani yake yanapoza hewa pale pale watu wanapotembea. Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki: pesa ya sanduku moja la juu nipeni niipeleke ardhini, nichimbe shimo pana, nizuie udongo usishindiliwe na magari, nielekeze maji ya mvua kwenye mizizi. Haitatoka vizuri kwenye picha, najua.

Dhana: mazingira asilia yakirudishwa, yatajiendesha yenyewe

Mjini? Thubutu. Seoul walibomoa barabara ya juu kuanzia mwaka 2003 wakafufua kijito cha Cheonggyecheon, kikafunguliwa 2005. Samaki wapo, ndege wapo, watu wanakaa kingoni. Maji yake, tani kama 120,000 kwa siku, yanaletwa kwa pampu. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kuchora kijito bila kuchora pampu, wala bili yake ya umeme.

Dhana: lazima tuanze na jiji jipya kabisa

Masdar, Abu Dhabi, ilianza kujengwa mwaka 2008 kwa ahadi kubwa, ikiwemo vigari visivyo na dereva mji mzima. Vigari vikaishia njia fupi tu, na mji haujakamilika. Medellín, Kolombia, walianza mwaka 2016 kupanda njia za kijani 30 kandokando ya barabara na vijito vilivyokuwepo, na wakafundisha wakazi wa kipato cha chini kazi ya bustani.

Dhana: vihisi na programu vitatatua kila kitu

Kihisi kinakuambia udongo umekauka, hakimwagilii. Ninachokipenda ni vali ya tangi la maji ya mvua inayosoma utabiri wa hali ya hewa na kumwaga maji hayo kabla ya dhoruba, ili mvua ikute nafasi. Haina mbwembwe, na inazuia mafuriko.

Dhana: mashamba ya ghorofa yatalisha jiji

Saladi, ndiyo. Nafaka, sahau. Mimea iliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa ndani ya jengo huishi kwa mwanga wa taa, na taa zinataka umeme. Paneli ya sola hugeuza karibu asilimia 20 ya nguvu ya jua kuwa umeme, na taa nayo inapoteza sehemu yake. Utahitaji eneo la paneli kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe. Paa la jengo hilo nipeni mimi. Nitaweka udongo mwembamba wenye mimea mifupi, na paneli juu yake. Paneli hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja inayozidi 25, na mimea iliyo chini yake huipunguzia joto. Mimea iwe mifupi tu, isije ikaziba jua.