Mfereji wa Mtaa Wenu Unalipwa na Nani?

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya mipango na bajeti kwenye halmashauri za miji Tanzania ni hili: kodi tunalipa, mbona mfereji hauchimbwi? Ni swali la haki kabisa. Anayeuliza amekatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, amelipia leseni ya duka, mama yake analipia kizimba sokoni, na masika yakianza maji yanaingia hadi sebuleni. Jibu la "bajeti haitoshi" limewachosha watu, nami nakiri halielezi kitu.

Tuanze na mfereji wenyewe. Ukiwa kando ya barabara kuu au barabara ya mkoa, wa kuulizwa ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, tangu 2017 wa kuulizwa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukiwa ndani ya soko, stendi, machinjio, zahanati au shule ya msingi, hapo ndipo unapoikuta halmashauri yenyewe. Chukua mji kama Makambako, ambako barabara ya kwenda Njombe na Songea inachepuka kutoka barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA nayo inapita. Katika mji uliokaa hivyo, maji ya mvua moja yanaweza kupita kwenye maeneo ya taasisi tatu au nne kabla hayajafika bondeni. Kalvati ya taasisi moja ikiwa nyembamba, mtaa ulio chini ya taasisi nyingine unafurika. Diwani anasimama barazani kumbana mkurugenzi, na mkurugenzi anamgeukia meneja wa TARURA aliyealikwa kuja kutoa taarifa. Meneja naye bajeti yake ilipitishwa kwa njia nyingine.

Simaanishi kwamba TARURA ilikuwa wazo baya. Zamani halmashauri ndizo zilizopokea sehemu ya Mfuko wa Barabara, na miji midogo ilikuwa na mhandisi mmoja aliyesimamia barabara, madarasa na vyoo vya soko kwa wakati mmoja. Wahandisi walipokusanywa kwenye wakala, ubora wa kazi ulipata mtu wa kuusimamia. Kilichopungua ni nguvu ya baraza. Diwani anaweza kupendekeza barabara ianze na ipi, lakini hana tena fungu la kulitetea mezani.

Tuje kwenye kodi, ambako ndiko kwenye kutoelewana kukubwa. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi ya dunia ndiyo uti wa mgongo wa baraza la mji, kwetu inakusanywa na Serikali Kuu. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikabidhiwa mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyopanda hadi 1,500 na 7,500 mwaka 2023. Ukusanyaji umekuwa rahisi, na hilo nalipongeza. Ila nyumba ya vyumba viwili pembezoni na jumba la kifahari lisilo la ghorofa katikati ya mji vinakatwa sawa, na mkazi anaamini amemlipa mkurugenzi wa mji kumbe fedha imeingia kwanza Hazina.

Hali hii haikuanza jana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Huduma za mijini zikadorora kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na sheria tunazotumia hadi leo zikatungwa 1982. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa, ikafutwa pamoja na ushuru mdogomdogo mwingi uliokuwa kero. Kufutwa kwake kulikuwa haki, maana watu walikuwa wakikimbizwa na mgambo kwa sababu yake. Lakini kila chanzo kilipoondoka, pengo lilizibwa kwa ruzuku, na ruzuku huja na maelekezo yake.

Basi mji mdogo umebaki na nini mkononi? Kuna leseni za biashara, vibali vya ujenzi, vizimba vya soko, stendi, machinjio, ada ya taka na ushuru wa mazao unaolipwa na mnunuzi. Na kuna kile ninachokiona kuwa chanzo muhimu kuliko vyote na kinachopuuzwa kuliko vyote: ushuru wa huduma. Kiwango kilichotumika kwa miaka mingi ni asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, bila kodi ya ongezeko la thamani wala ushuru wa bidhaa. Kwa kiwango hicho, duka lenye mauzo ya shilingi milioni 50 kwa mwaka linadaiwa 150,000, yaani 37,500 kila robo. Ni mzigo unaobebeka, na unakwenda na ukubwa wa biashara. Hata hivyo, katika miji midogo nguvu nyingi za ukusanyaji zinaelekezwa kwa mama wa mboga na kwenye geti la mazao, kwa sababu huko mtu wa mashine ya POS anasimama tu na fedha inakuja. Ghala kubwa, kituo cha mafuta na mkandarasi aliyepata kazi ya mamilioni wanahitaji afisa anayejua kusoma hesabu za biashara, aende ofisini kwao, aombe vitabu, akokotoe, aandike ankara. Afisa wa aina hiyo ndiye ambaye hatuna.

Hapo tunaingia kwenye watumishi. Wengi hudhani mkurugenzi anaajiri. Mkurugenzi mwenyewe ameteuliwa na Rais. Nafasi za kudumu zinaombwa kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, zinasubiri kibali cha ofisi ya Serikali Kuu ya Utumishi, kisha usaili unafanywa na Sekretarieti ya Ajira. Mishahara inatoka Hazina moja kwa moja. Faida yake naijua vizuri: mwalimu wa mji maskini analipwa sawa na wa mji tajiri, tena tarehe ileile. Hasara yake ni kwamba mji ukihitaji mhasibu wa ushuru wa huduma mwezi huu, unaweza kumpata baada ya mwaka mzima, na akishaujua mji vizuri anahamishwa. Pengo linazibwa na wa mikataba na vibarua wanaolipwa kwa mapato ya ndani. Hawa ndio walinzi, madereva na wakusanya ushuru mnaokutana nao kila siku. Umaskini wa miji hii haujifichi: mwaka 2021 Serikali iliamua kulipa yenyewe posho za mwezi za madiwani katika halmashauri 168, ikaziachia 16 tu zijilipie.

Sasa tupige hesabu. Nachukua mji wa kubuni wenye mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyo na matumizi yaliyopangiwa tayari, ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Tuseme asilimia 40 inakwenda kwenye maendeleo, yaani milioni 800. Ndani yake toa asilimia 10 ya mapato hayo, milioni 200, kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Inabaki milioni 600. Mji ukiwa na kata 12, kila kata imepata milioni 50. Mwaka 2021, madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalitengewa milioni 20 kila moja. Kwa hiyo kata yako, kwa mwaka mzima, ina uwezo wa madarasa mawili na msingi wa la tatu. Hiyo ni endapo makisio yote yamekusanywa, jambo ambalo ni nadra.

Ile asilimia 60 inayobaki ndiyo inayonisumbua zaidi. Humo mna mafuta ya magari, vikao, safari, umeme wa ofisi, mishahara ya mikataba na madeni ya wazabuni wa miaka iliyopita. Kila kimoja ukikitazama peke yake kina sababu. Vikikusanywa pamoja vinameza fedha ya kukarabati choo cha soko ambalo ndilo lililoleta mapato hayo. Nimeshuhudia wafanyabiashara wakigoma kulipa kwa sababu hiyo, na sikuwa na hoja ya kuwapinga.

Kwenye ujenzi wenyewe, miradi mingi ya madarasa na zahanati imejengwa kwa fosi akaunti: halmashauri inanunua vifaa, fundi wa hapohapo anajenga, kamati za wananchi zinasimamia. Gharama hushuka sana pale kamati inapohesabu mifuko ya saruji kweli. Pale inapoitwa kusaini tu karatasi za mapokezi, jengo linaishia kwenye lenta na lawama zinamwangukia fundi.

Mikutano ya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na ni ya wazi. Mkazi yeyote anaweza kuingia akakaa akasikiliza. Ukienda, muombe diwani wako kabla ya kikao akuonyeshe mstari wa ushuru wa huduma kwenye taarifa ya mapato: makisio ya mwaka, kilichokusanywa hadi robo hiyo, na idadi ya walipaji. Kisha zihesabu biashara kubwa zilizopo kwenye barabara kuu ya mji wenu, ulinganishe na idadi hiyo.