Laazizi si hawara

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kuna mtumbwi ulioandikwa LAAZIZI ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi. Akina mama wanaosubiri dagaa hawauachi hivihivi. "Ana laazizi huyo, na mkewe anajua?" Utani wenyewe mtamu, ila umebeba dhana iliyozagaa Mwanza nzima: kwamba laazizi ni mpenzi wa pembeni.

Sivyo. Wa pembeni ana majina yake. Kuna hawara, na kuna kimada, mwanamke anayetunzwa na mwanamume bila ndoa. Laazizi ni mpendwa tu, kipenzi cha moyo, na neno halimuulizi mtu cheti cha ndoa. Mke aliyezaa na kulea wajukuu ni laazizi, mchumba wa juzi naye ni laazizi.

Vijana wao wanaamini limetungwa na wasanii wa Bongo Fleva. Muziki huo ulishika kasi miaka ya 1990, wakati washairi wa pwani na waimbaji wa taarabu walishalizoea neno hilo zamani. Asili yake ni Kiarabu, kwenye azizi: kitu cha thamani, adimu, kinachoenziwa. Hapo ndipo pananoga, maana shina hilohilo limetupatia enzi, na kutoka enzi tukapata Mwenyezi, yaani mwenye enzi. Al-Aziz ni mojawapo ya majina 99 ya Mungu katika Uislamu. Kina Azizi na Aziza tuliosoma nao wamebeba mzigo huohuo wa heshima. Sasa neno lenye ukoo wa namna hiyo unalifanyaje la vichochoroni?

Wengine hudai maneno ya pwani huku ziwani yameletwa na redio. Redio imeyaeneza, kweli, lakini wasemaji walitangulia. Mpelelezi Speke alipoliona Ziwa Victoria mwaka 1858 alikuwa na msafara uliotoka pwani, na mpelelezi mwingine, Stanley, alipofika Kageyi, huko Magu, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara wa pwani ameshaweka makazi. Wala Wasukuma hawakusubiri msafara wowote ili wapendane. Nakutogilwe inatosha, na kwa masikio yangu inashinda "nakupenda" kwa mbali.

Kuhusu kwamba laazizi huitwa mwanamke peke yake, hilo halina mashiko. Mke anamwita mumewe laazizi wangu na Kiswahili hakikatai. Jinsia utaikuta kwenye mahabubu na mahabuba: wa kwanza mwanamume, wa pili mwanamke, kama Kiarabu kinavyotaka. Na habibi tayari ina "wangu" ndani yake, kwa hiyo anayesema "habibi wangu" anammiliki mtu mara mbili. Mpenzi mwenyewe hajawahi kulalamika.