Utandawazi na usawa wa wanawake katika jamii za Kiislamu: mfano wa mwani wa Zanzibar

Utandawazi ni kufungamana kwa masoko, mitaji, kazi na fikra za nchi mbalimbali, hata bei iliyopangwa ng'ambo ikaamua kama jiko la kijijini litawaka. Mjadala wake kuhusu wanawake wa Kiislamu hukimbilia mavazi na televisheni. Afadhali kufuata fedha: nani anaichuma, ni mali ya nani, na nani anapanga bei.

Pwani ya mashariki ya Unguja inaonyesha hayo waziwazi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani hukaushwa, husafirishwa, kisha viwanda vya nje hukamua karajinani, kitu kinachoshikiza dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Wakulima walio wengi ni wanawake. Wanaume wengi walijaribu, wakaona malipo hayafikii ya uvuvi, wakaondoka. Pemba ndiko wanaume waliobaki ni wengi zaidi.

Kazi yenyewe hufuata bamvua, maji yanapokupwa sana. Vigingi vya mti hupigwa mchangani, kamba hutandazwa katikati, na vipande vya mwani hufungwa kwa taitai, yaani vikamba vyembamba. Baada ya wiki 6 hivi huvunwa na kuanikwa siku 2 au 3, mvua isiponyesha. Kilo 7 au 8 mbichi hubaki kama kilo 1 kavu, na hiyo kavu ndiyo inayolipwa.

Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha taslimu za kila msimu bila kumwomba mtu. Sheria ya Kiislamu haikuwa kikwazo. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Katika fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, mume ndiye anayewajibika kwa matumizi ya nyumbani, na mali ya mke ni yake. Sare za shule, vyombo na mabati yakaanza kununuliwa kwa fedha za mwani.

Tatizo ni kwamba mke akionekana ana kipato, baadhi ya waume hupunguza matumizi. Anabaki na haki ya mali yake kwa jina, huku mali yenyewe ikiishia kwenye unga na daftari. Kupika, kuchota maji na kulea havikupungua. Anayepima usawa kwa kipato peke yake atakosea hesabu hapa.

Sokoni nako ni vilevile. Mnunuzi huwapa wakulima kamba na taitai, nao hutakiwa wamuuzie yeye. Anayeshika vifaa hushika na bei, na mnunuzi naye anaitazama Indonesia na Ufilipino, wazalishaji wakubwa. Mkulima wa Jambiani hana kiti katika kupanga bei hiyo.

Halafu kuna aina mbili za mwani. Spinosamu ni sugu lakini bei yake ndogo. Kotonii hulipa zaidi kwa sababu karajinani yake huganda imara. Ila kotonii haivumilii maji ya moto. Bahari ikipata joto, matawi yake hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa sana kwenye maji mafupi. Dawa inajulikana: kupanda kwenye maji marefu, ambako joto halipandi haraka. Lakini huko kunahitaji chombo cha baharini na kujua kuogelea, na pwani hii vyombo ni vya wanaume, wala wasichana hawakuzoea kufundishwa kuogelea. Kwa hiyo zao lenye bei linawaponyoka wanawake kwa sababu ya desturi. Hakuna aya inayomkataza mwanamke kuogelea akiwa na stara.

Ndiyo maana majaribio ya kupanda kwenye nyavu zenye umbo la mrija katika maji marefu yalikwenda pamoja na mafunzo ya kuogelea kwa wanawake. Njia nyingine, iliyosukumwa na mtafiti Flower Msuya na klasta ya mwani, yaani umoja wa wadau wa zao hilo, iliyoanzishwa mwaka 2006, ni kusaga mwani na kutengeneza sabuni hapohapo. Sabuni muuzaji huipangia bei mwenyewe, japo soko lake ni dogo na hutegemea sana watalii. Ndege zilipokoma mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wanunuzi hao hawakuwepo.