Tenki la maji juu ya bimu: nguzo ipi inabeba kiasi gani?

Mafundi wengi wa Tabora hupandisha matenki wakati wa kiangazi, ili mvua za Novemba zikute kila kitu tayari. Hivyo mnara uliojengwa Julai hukaa miezi kadhaa bila kuonja mzigo wake halisi.

Chukua tenki la lita 2,000 juu ya bimu mbili za zege. Maji ni kilo 2,000. Zidisha kwa 9.81 (mvuto wa dunia), unapata nyutoni 19,620, yaani kilonyutoni 19.6. Ukiongeza tenki lenyewe, hesabu 20, yaani 10 kwa kila bimu. Bimu ya sentimita 20 kwa 30 ina uzito wa kilonyutoni 1.5 kwa mita. Ikiwa ya mita 4, ni 6. Huu ndio uzito unaosahauliwa zaidi.

Nguzo A na B zimeachana mita 4, na tenki liko mita 1 kutoka A (pima hadi katikati ya tenki, si ukingoni). Tunatafuta mwitiko, yaani kani ambayo kila nguzo inasukumia bimu juu. Piga momenti (kani mara umbali) kuzunguka A; uzito wa bimu uhesabu katikati yake, mita 2 kutoka A:

B × 4 = 10 × 1 + 6 × 2 = 22

B ni 5.5, na A ni 16 − 5.5 = 10.5. Usihakiki kwa kujumlisha: A umeipata kwa kutoa, kwa hiyo jumla itakubali hata B ikiwa na kosa. Zunguka B: 10 × 3 + 6 × 2 = 42, gawa kwa 4, ni 10.5.

Sasa bimu ipitilize B kwa mita 1.8, tenki likae mita 1 nje ya B. Bimu ni mita 5.8, uzito 8.7, kitovu chake mita 1.1 ndani ya B.

A × 4 = 8.7 × 1.1 − 10 × 1 = −0.43

A ni −0.11. Wanafunzi wengi huifuta alama hiyo wakidhani wamekosea. Hawajakosea: ncha ya A inataka kunyanyuka, na lazima ifungwe kwenye nguzo kwa nondo. B inabeba 18.8. Tenki likiwa tupu, A inakandamizwa kwa 2.3, kwa hiyo Julai huoni dalili yoyote. Tena, juu ya B zege linavutwa upande wa juu. Nondo kubwa zikilazwa chini kwa mazoea, ufa utaanzia hapo juu.