Kikohozi Kilichobanwa: Dhana Potofu Kuhusu Tamthilia za BL za Korea

Kila nikimtajia mtu tamthilia za Kikorea za mapenzi ya wavulana (BL, yaani Boys' Love), hasa zile za penzi la kwanza, hunirudia na jibu lilelile: "Mbona zote zinafanana?" Naelewa linakotoka. Sare za shule, mvua, mwavuli mmoja, wawili wanaotazamana bila kusema. Lakini nimezitazama, nyingine mara tatu, na nabisha.

"Ukiona moja umeziona zote"

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Tamthilia hizi zinamhusu mtu anayekibana kikohozi hicho. Tofauti iko hapo: nani anakibana, na anaogopa nini?

Katika *Where Your Eyes Linger* ya 2020, Kang Gook ni rafiki wa Han Tae-joo, na pia ni mlinzi wake. Tae-joo ni mtoto wa tajiri. Gook hawezi kusema neno kwa kuwa anayempenda ndiye aliyekabidhiwa yeye amlinde. Tae-joo mwenyewe hata hajitambui, mpaka msichana mmoja anapovutiwa na Gook na wivu unamwamsha.

*Cherry Blossoms After Winter* ya 2022 nayo ina wavulana wawili waliokua pamoja, na ndiyo hulinganishwa nayo zaidi. Ila Seo Hae-bom alifiwa na wazazi akiwa na miaka 7 akalelewa nyumbani kwa Jo Tae-sung. Kinachomfunga mdomo ni deni la wema. Utamwambiaje mtoto wa mama aliyekulea kwamba unampenda, na mambo yakiharibika utalala wapi? Aliyewahi kulelewa kwa watu hahitaji kuelezwa.

Halafu kuna *Light on Me* ya 2021, ninayoipenda kuliko zote. (Kama hujaitazama, ruka aya hii.) Woo Tae-kyung hana rafiki, anaingia baraza la wanafunzi ili ampate. Shin Da-on ni mpole kwa kila mtu. Noh Shin-woo anamkunjia uso. Watazamaji wengi hushikilia kwamba Da-on alidhulumiwa, kwamba Tae-kyung alimwacha njiani. Sivyo. Tae-kyung alimpenda Da-on kwanza, na alimwambia. Da-on ndiye aliyekataa, ilhali naye alikuwa anampenda, kwa kuogopa watu watasema nini. Alipopata ujasiri, moyo wa mwenzake ulikuwa umeshahamia kwa Shin-woo, ambaye baridi yake yote ya mwanzo ilikuwa kikohozi kingine. Hakuna mbaya hapo. Kuna mvulana aliyechelewa, na tamthilia inamwacha aumie bila kumdhalilisha. Sijaona pembetatu ya mapenzi iliyotendewa haki namna hiyo.

"Ni fupi kwa sababu zimelipuliwa"

Nyingi zina vipande 8 hivi, vingine vya dakika kumi na kitu tu, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya mtandaoni, mtu azitazame kwenye simu. *Light on Me* ina vipande 16. Na ufupi una faida yake: Hwang Da-seul, aliyeongoza *Where Your Eyes Linger* na baadaye *Blueming*, hana muda wa kupoteza, kwa hiyo hadithi huibeba kwa macho ya waigizaji.

"Wakorea wamewaiga Wathai"

Thailand ilitangulia, hilo kweli. *Love Sick* ilionyeshwa 2014. Lakini ukitafuta hadithi zenyewe zimetoka wapi, utafika Korea kwenyewe. *Cherry Blossoms After Winter* ilikuwa katuni ya mtandaoni, *Semantic Error* riwaya ya mtandaoni, na *Light on Me* ilitokana na mchezo wa simu ambao mchezaji ndiye anayeamua Tae-kyung ampende nani. Ndiyo maana Da-on na Shin-woo wote wawili wana uzito wa mhusika mkuu.

"Basi Korea mambo haya ni ya kawaida"

Ndoa ya watu wa jinsia moja haitambuliwi Korea Kusini hadi sasa. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenza wa jinsia moja anastahili kuingizwa katika bima ya afya ya taifa, na uamuzi huo ulikuwa habari kubwa kwa sababu haukuwa wa kawaida. Hofu ya Da-on haikutungwa ili kurefusha hadithi.

"Shuleni au chuoni, ni yaleyale"

Chuoni hofu hubadilika sura. Katika *Semantic Error* (2022), Chu Sang-woo anafuta jina la Jang Jae-young kwenye kazi ya kikundi kwa kuwa hakufanya lolote, na Jae-young anakosa kuhitimu. Penzi linaanzia kwenye kisasi, na kinachombana Sang-woo ni mazoea yake ya kupanga kila kitu kwa kanuni.

*The Eighth Sense* (2023) inakwenda mbali zaidi. Jae-won ametoka jeshini, ambako karibu kila kijana wa kiume wa Korea Kusini hulazimika kupita, na amerudi chuoni akiwa na jeraha la moyo analolipeleka kwa mshauri. Ji-hyun ametoka kijijini, mgeni wa Seoul. Wanakutana kwenye klabu ya kuteleza juu ya mawimbi. Katika zile za shule, swali ni kama utathubutu kusema. Hapa Ji-hyun anasema mapema, wazi, bila kutetemeka, na Jae-won ndiye asiyeamini kwamba anastahili kuambiwa.